Ugomvi wa Chama Upelekwe Wapi? Tathmini ya Vikao, Msajili, Mahakama na Maridhiano

Kila chama kikubwa Zanzibar kina pande mbili ndani yake. Upande mmoja uko tayari kukaa meza moja na mpinzani, kupokea nusu ya kinachodaiwa na kuirudia nusu nyingine baadaye. Upande wa pili unaona kukaa meza hiyo ni kuuza chama. Magazeti huwaita wa kwanza wenye siasa za wastani na wa pili wahafidhina. Kwenye maskani, yaani vijiwe vya siasa vya mitaani, lugha huwa kali zaidi: hawa wasaliti, wale wakorofi. Maneno yakishafika kwenye barua na kutishana kadi, mwanachama au kiongozi wa jimbo ana milango minne ya kugonga: vikao vya chama chenyewe, Ofisi ya Msajili wa Vyama vya Siasa, mahakama, na wazee wa maridhiano.

Tumeipima milango hiyo kwa muda inaochukua, gharama, karatasi zinazotakiwa, na kama waliogombana wanatoka wakiwa bado chama kimoja. Kigezo hiki cha mwisho tumekipa uzito kuliko vyote, na sababu iko wazi kwa anayeijua historia ya visiwa hivi. Mwaka 1959 kundi la Muhammad Shamte lilijitoa ASP (Afro-Shirazi Party) na kuunda ZPPP (Zanzibar and Pemba People's Party). Julai 1963 ASP ilipata takriban asilimia 54 ya kura zote lakini viti 13 tu kati ya 31. ZNP (Zanzibar Nationalist Party) ilipata 12, ZPPP 6, na wawili hao wakaunda serikali. Mwaka huohuo ZNP nayo ikampoteza Abdulrahman Babu, aliyekuwa katibu mkuu wake, akaondoka kwenda kuunda Umma Party. Chama kinachoona mgawanyiko ni kupunguza wakorofi kihesabu kwanza viti.

Vikao vya chama na kamati ya maadili

Huu ndio mlango wa kwanza kwa kila mtu, na katiba za vyama zinalazimisha uwe wa kwanza. Kwa kawaida malalamiko yanaandikwa, yanaanzia tawini, yanapanda hadi jimbo na wilaya au mkoa, yanapita kamati ya maadili, kisha kikao cha juu kinaamua. Adhabu nazo zina ngazi: onyo, karipio, kusimamishwa, kuvuliwa uongozi, kufukuzwa. Kwenye karatasi utaratibu huu ni mzuri. Ni wa bei nafuu, hauhitaji wakili, na waamuzi wanawajua watu na chanzo cha ugomvi.

Tatizo la kwanza ni kwamba anayeshitaki na anayehukumu mara nyingi ni wamoja. Katibu ndiye anayepanga ajenda, anayeandika barua za wito na anayeandika muhtasari. Upande uliokamata ukatibu umeshashinda nusu ya kesi kabla mtu hajafungua mdomo. Tatizo la pili ni rufaa. Katika vyama vingi ngazi ya mwisho ya rufaa ni Mkutano Mkuu, na Mkutano Mkuu wa kawaida hukutana mara moja kila miaka 5. Mwakilishi aliyefukuzwa mwaka wa pili wa kipindi chake anaweza kusubiri rufaa hadi kipindi kiishe.

Tatizo la tatu ndilo linalofanya wahafidhina waupende sana mlango huu. Kwa Katiba ya Muungano, mbunge akiacha kuwa mwanachama wa chama kilichomdhamini, kiti chake kinaondoka. Katika Baraza la Wawakilishi mambo ni hayohayo. Mgombea binafsi naye haruhusiwi. Mahakama ya Afrika iliamua mwaka 2013 kwamba katazo hilo linavunja haki, lakini sheria haijabadilika. Kwa hiyo kikao cha watu wachache, kwa barua ya kurasa mbili, kinaweza kufuta chaguo la jimbo zima. Agosti 2013 CCM ilimfukuza Mansour Yussuf Himid, mmoja wa waliokuwa mbele katika maridhiano ya 2010 kati ya CCM na CUF yaliyozaa serikali ya pamoja, kwa sababu ya msimamo wake juu ya muundo wa Muungano. Jimbo lake la Kiembesamaki likaingia uchaguzi mdogo Februari 2014. Aprili 2015 ikawa zamu ya Mzee Hassan Nassor Moyo, mwasisi aliyeongoza kamati ya maridhiano. Yule aliyekaa na wapinzani akaleta utulivu ndiye aliyepoteza kadi.

Tukitazama nyuma, mlango huu una rekodi moja inayojirudia: unazaa vyama. Mei 1988 CCM ilimfukuza Seif Sharif Hamad na wenzake, na mwaka 1992 mfumo wa vyama vingi uliporudi, wao ndio waliokuwa uti wa mgongo wa CUF. Januari 2012 CUF nayo, chama kilichoundwa na waliofukuzwa, ikamfukuza Hamad Rashid Mohamed, mbunge wa Wawi, na kabla mwaka haujaisha chama kipya kilichohusishwa naye, ADC, kilikuwa kimesajiliwa. Hakuna hata mara moja kati ya hizo ambapo chama kilichofukuza kilibaki na amani kwa muda mrefu. Kilichobadilika ni kwamba mtu aliyekuwa akipiga kelele ndani akawa anapiga kelele nje, safari hii akiwa na bendera yake.

Ukilazimika kuutumia mlango huu, linda karatasi. Hati ya mashtaka itaje kifungu cha katiba ya chama, siyo "kukiuka maadili" peke yake. Barua ya wito iwe na tarehe ya kuandikwa na saini ya kuipokea, na siku kati ya tarehe hizo mbili zitimie kama katiba inavyotaka. Mtuhumiwa asikilizwe, na maelezo yake yaingie kwenye muhtasari kwa maneno yake.

Halafu kuna orodha ya mahudhurio. Hii ndiyo karatasi ya kwanza wakili yeyote atakayoiomba, na ndiyo inayoandikwa ovyo kuliko zote. Wajumbe wanasaini asubuhi pale mlangoni. Saa nane mchana wa Pemba wameanza kuaga, wakihofia boti. Kura inapigwa saa kumi jioni na hakuna aliyehesabu akidi upya. Kwenye muhtasari inaandikwa idadi ya asubuhi. Siku ikifika mbele ya jaji, jumla ya kura za ndiyo, hapana na zilizoharibika haifiki hata karibu na idadi ya waliosaini, na uamuzi wote unaanguka kwa hesabu ya kujumlisha. Orodha nzuri ina jina, nambari ya kadi, wadhifa, saini, saa ya kuingia na saa ya kutoka, na akidi inahesabiwa mara ya pili dakika chache kabla ya kura.

Kuhusu Pemba lipo jingine. Kikao cha dharura kikiitishwa Unguja kwa taarifa ya siku moja, matokeo yanajulikana kabla hakijafunguliwa, kwa sababu nusu ya upande mmoja bado iko Wete inatafuta nauli. Mjumbe aliyekosa kwa sababu hiyo aandike barua siku hiyohiyo, aeleze saa aliyopata taarifa na kwa njia gani. Malalamiko ya miezi mitatu baadaye hayasikilizwi na mtu.

Alama zetu: 8 kati ya 10 kwa bei, 3 kwa haki, 2 kwa kuwaacha watu pamoja.

Ofisi ya Msajili wa Vyama vya Siasa

Wengi huja hapa wakidhani wamekuja kwa hakimu. Msajili si hakimu. Ni mtunza daftari: nani kasajiliwa, viongozi wake ni nani, hesabu zake zikoje, ruzuku iende wapi. Uandikishaji wa vyama ni jambo la Muungano, na Ofisi ina tawi dogo Zanzibar la kupokelea barua. Kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2019 mamlaka yake yameongezeka, ikiwemo kudai taarifa kutoka ndani ya chama.

Lakini mtunza daftari ana nguvu ambayo watu huidharau hadi iwaangukie. Jina likiwa kwenye daftari, benki inalifuata, ruzuku inalifuata, tume ya uchaguzi inalifuata. Tazama mgogoro wa CUF. Agosti 2015 Profesa Ibrahim Lipumba alijiuzulu uenyekiti. Katikati ya 2016 akaandika kutaka kurudi. Swali la katiba lilikuwa jepesi kulitamka na gumu kulijibu: barua ya kujiuzulu inakamilika ikiandikwa, au ikipokelewa na kikao kilichomchagua? Mkutano Mkuu maalumu wa Agosti 2016 jijini Dar es Salaam uliingia vurugu. Baraza Kuu likamsimamisha, na Septemba Msajili akaandika kwamba anamtambua kuwa mwenyekiti. Kuanzia hapo kukawa na CUF mbili, kila moja na vikao vyake, na moja tu ndiyo iliyokuwa kwenye daftari. Julai 2017 upande uliotambuliwa uliwafukuza wabunge 8 wa viti maalumu, na viti vyao vikajazwa na wengine.

Tuseme kweli: mgogoro ule ulivaa nguo za msimamo, huyu wa Bara, yule wa Zanzibar, huyu mpole, yule mkali, ila ukiusoma kwa karatasi zake ulihusu nani anatia saini. Ugomvi mwingi unaoitwa wa wahafidhina na wastani ukiuchambua utakuta saini ya benki chini yake. Kabla hujaandika barua kwa Msajili, jiulize unagombea sera au unagombea saini, kwa sababu Ofisi ile inaweza kukupa au kukunyima ya pili tu.

Jingine ambalo watu hawalipimi ni gharama ya kuondoka. Wapo wanaosema, basi tutasajili chama chetu. Sheria ya 1992 inataka wanachama wasiopungua 200 kutoka kila mmoja wa angalau mikoa 10 ya Jamhuri ya Muungano, ambayo miwili iwe ya Zanzibar, mmoja Unguja na mmoja Pemba. Usajili wa muda unadumu siku 180, na ndani ya siku hizo orodha hiyo iwe imekamilika na kuhakikiwa. Kundi la Zanzibar lenye maelfu ya watu Micheweni na Mji Mkongwe lakini halina mtu Kigoma wala Mtwara halisajiliwi. Ndiyo maana kundi la Maalim Seif (Seif Sharif Hamad), katibu mkuu wa CUF aliyekuwa upande wa pili wa Lipumba, halikuunda chama. Lilihamia kilichopo.

Alama: 6 kwa kasi, 4 kwa kueleza sababu za maamuzi, na hatutoi alama ya upatanishi, kwa kuwa huduma hiyo haiuzwi hapa.

Mahakama

Mahakama inafaa kwa kazi moja vizuri sana: kusimamisha. Mwaka 2012 Hamad Rashid alikwenda Mahakama Kuu, na pamoja na kufukuzwa na chama aliendelea kukaa bungeni hadi kipindi kilipomalizika 2015. Kwa mwakilishi au mbunge anayeona kikao cha kumfukuza kinakuja, zuio la muda ndilo linaloleta tofauti kati ya kupumua na kuzikwa. Lakini lina masharti. Maombi yawe na hati ya kiapo yenye viambatisho: barua ya wito, katiba ya chama, ajenda kama imepatikana. Amri ikitoka lazima ifikishwe kwa chama kabla kikao hakijaamua, na aliyeipokea asaini. Zuio lililofika saa moja baada ya uamuzi kutangazwa linaanzisha kesi nyingine kabisa.

Upande wa pili utajibu kwa pingamizi la awali, na pingamizi hizi ni zilezile kila mara. Mlalamikaji hajamaliza njia za ndani ya chama. Mahakama hii haina mamlaka, makao makuu yako kwingine. Aliyeshitakiwa siye, ilipaswa ishitakiwe Bodi ya Wadhamini. Hili la wadhamini ndilo linaloua kesi nyingi za watu wasio na wakili mzuri. Mali za chama ziko chini ya wadhamini, na chama kinasimama mahakamani kwa jina lao. Anayedhibiti bodi anadhibiti majengo, akaunti na haki ya kushitaki. Chunguza majina ya wadhamini waliosajiliwa kabla ya kulipa hata senti ya wakili. Na uhakikishe wakili mwenyewe anaruhusiwa kusimama kwenye mahakama husika, maana aliyeandikishwa Zanzibar si lazima awe ameandikishwa Bara.

Udhaifu mkubwa ni muda. Kutoka barua ya Msajili ya Septemba 2016 hadi hukumu ya Mahakama Kuu ya tarehe 18 Machi 2019 iliyompa Lipumba ushindi ilipita miaka miwili na nusu. Katika kipindi hicho chama kilikuwa na wanasheria wengi kuliko makatibu wa matawi wanaofanya kazi. Na hukumu haikumaliza ugomvi, ilimaliza ndoa. Siku hiyohiyo Maalim Seif alitangaza kuhamia ACT-Wazalendo kwa kauli ya "shusha tanga, pandisha tanga, safari iendelee", na ofisi zilizokuwa na rangi za CUF Unguja na Pemba zikaanza kupakwa zambarau. Aliyeshinda kesi alibaki na jina na cheti. Wapiga kura walikuwa wameshapanda chombo kingine.

Alama: 8 kwa zuio, 5 kwa hukumu ya mwisho, 1 kwa kuwaacha watu pamoja.

Wazee na maridhiano

Huduma hii haina ofisi wala fomu. Inafanya kazi polepole kwa muda mrefu, halafu ghafla kwa siku moja. Makubaliano ya Juni 1999 na ya Oktoba 2001 yalisainiwa na viongozi wa CCM na CUF, yakakwama kwenye utekelezaji kwa sababu wahafidhina walikuwa na nguvu ya kuzuia ndani ya vikao. Machi 2008 Halmashauri Kuu ya CCM ilikutana Butiama, ikasema serikali ya pamoja iamuliwe kwa kura ya maoni. Wakati ule CUF waliona ni mbinu ya kuchelewesha.

Kilichofungua njia ni mazungumzo ya Rais Amani Karume na Maalim Seif Ikulu ya Zanzibar tarehe 5 Novemba 2009. Jaribio la kweli halikuwa Ikulu. Lilikuwa Kibandamaiti siku chache baadaye, Maalim Seif aliposimama mbele ya wafuasi wake kuwaambia wanamtambua Karume kuwa rais, na uwanja ukajibu kwa makelele ya kupinga. Kiongozi wa wastani hukutana na wahafidhina wake mwenyewe kwanza, wa upande wa pili baadaye. Hakuitisha kamati ya maadili kumshughulikia aliyepiga kelele. Alirudi kwa wanachama, akaeleza tena na tena.

Hatua zilizofuata zinastahili kusomwa na kila katibu wa chama. Januari 2010 Abubakar Khamis Bakary wa CUF alipeleka hoja katika Baraza la Wawakilishi. Ikaundwa kamati ya watu 6, watatu wa CCM na watatu wa CUF, chini ya Ali Mzee Ali. Kisha swali likapelekwa kwa wananchi: tarehe 31 Julai 2010 asilimia 66.4 wakasema ndiyo, 33.6 hapana. Agosti Katiba ya Zanzibar ikapata marekebisho ya 10. Tangu mazungumzo ya Ikulu hadi kura ni chini ya miezi tisa, yaani chini ya theluthi ya muda ambao kesi ya CUF ilikuja kuuchukua.

Kwa nini ilifanikiwa? Kwa sababu uamuzi ulitolewa mahali ambapo wahafidhina wa pande zote mbili hawana kura ya turufu. Ndani ya Halmashauri Kuu au Baraza Kuu, watu 20 wenye sauti wanaweza kukwamisha jambo. Kwenye sanduku kila mmoja wao ana karatasi moja. Na aliyeshindwa kwa kura ya wananchi hawezi kusema kauzwa na katibu wake.

Kasoro zake hazifichiki. Maridhiano yale yalilinda uhusiano wa vyama viwili, hayakuwalinda watu walioyatengeneza ndani ya vyama vyao. Mansour na Mzee Moyo ni ushahidi. Yanasimama pia juu ya mabega ya watu wachache. Baada ya kufutwa kwa uchaguzi tarehe 28 Oktoba 2015 na CUF kususia marudio ya Machi 2016, hapakupatikana chama cha pili chenye kura za kutosha kutoa Makamu wa Kwanza wa Rais, na mfumo ukakaa kitupu kwa miaka mitano. Desemba 2020 ACT-Wazalendo, baada ya uchaguzi uliomwaga damu, ililazimika kuamua tena ndani kwa ndani, kuingia au kutoingia. Iliingia, Maalim Seif akaapishwa tarehe 8 Desemba, na wapo wanachama ambao hadi leo hawajalikubali lile. Kundi hilo halikosei kuuliza lilipata nini. Linastahili jibu kikaoni. Kulinyamazisha siyo jibu.

Na maskani yasisahaulike. Ubao wa Kisonge pale Michenzani na barza za kahawa za Jaws Corner zimewasha na kuzima mambo mengi kuliko mihtasari. Mpatanishi anayepita ofisini tu, asipite maskani, anapatanisha makatibu.

Alama: 7 kwa kuwaacha watu pamoja, 3 kwa kudumu.

Tunachopendekeza

Kwa ugomvi wa sera, mfano kuingia serikali ya pamoja au kususia, usianze na kamati ya maadili. Iga 2010 kwa udogo: kura ya siri ya wanachama wenye kadi hai, swali moja la ndiyo au hapana, siku moja majimbo yote ya Unguja na Pemba, matokeo ya kila jimbo yabandikwe mlangoni pa ofisi ya jimbo kabla hayajapelekwa makao makuu. Daftari la wanachama lifungwe angalau mwezi kabla, maana kadi mpya hupenda kuzaliwa wiki ya mwisho. Kila upande uwe na wakala kila kituo.

Kwa ugomvi wa nani ni kiongozi halali, nenda kwa wadhamini na Msajili mapema, ukiwa na muhtasari na orodha ya mahudhurio, kabla upande wa pili haujapeleka zake. Kwa kiti kinachotaka kuondoka, tafuta zuio siku ile barua ya wito inapofika, usisubiri siku ya kikao.

Na usifungue shauri lolote kati ya haya ndani ya miezi mitatu ya uteuzi wa wagombea. Wakati huo kila mwamuzi, mzee au katibu, ana jina lake au la mwanawe kwenye orodha.